Farasi Wanaokula Uzio

Machi 4

Leo tumewavua farasi viatu, wote tisa. Mvua zikianza huwa nafunga shule. Uwanja wa mazoezi unageuka tope, wanafunzi wanabaki kwao, na farasi wanakwenda malishoni kupumzika hadi jua lirudi. Mimi ndiye mwenye shule hii ya kupanda farasi, mimi ndiye mwalimu wake, na mimi ndiye mfagiaji wake.

Fundi wa kwato alipoinua mguu wa Malkia alipiga mluzi.

"Mama, kwato hizi zinamung'unyika kama biskuti."

"Ni vumbi la kiangazi. Majani mabichi yatamrudisha."

"Na ule uzio nao umeliwa na vumbi?"

Nikageuka. Mbao ya juu ya uzio, upande wa kisima, ilikuwa imetafunwa hadi imekuwa nyembamba katikati kama kiuno cha nyigu. Nilimlipa, nikamwambia asante.

Machi 5

Mvua kutwa. Nimeshona hatamu mbili, nimelala mchana.

Machi 9

Si mbao moja tu. Nimezunguka uzio wote. Wanatafuna mbao, wanabandua magome ya miti, na nimemkuta Bi Harusi analamba udongo ukingoni mwa mfereji kana kwamba umepakwa asali. Majani yamewafika magotini, kijani kibichi, na wao wanakula udongo!

Sufuria, ambaye nilimnunua mweusi ti, amepauka akawa rangi ya chuma kilichopata kutu. Hata Shemeji hang'ai. Shemeji ni farasi dume aliyehasiwa, tena mnene, tena mroho. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna mgeni anayeingia hapa bila yeye kumwendea, kumnusa mifuko na kumwegemea kama ndugu. Watoto waoga wote wamejifunzia mgongoni mwake.

Nimempigia Daktari wa mifugo. Amekuja, amewatoa damu, amechukua na majani kwenye mfuko.

Kaka yangu alikuwa ameegemea uzio upande wake, akitazama. Shamba hili Baba alitugawia pasu kwa pasu: kule Kaka na ng'ombe wake, huku mimi na farasi wangu.

"Meneja," akaniita. Ndivyo anavyoniita akitaka kunichokoza. "Farasi wako sasa wanapimwa damu? Kesho utaniambia wamepangiwa kitanda."

"Wakipangiwa, nitakuomba ukawapikie uji."

Akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

Machi 16

Majibu yametoka. Shaba kidogo, zinki kidogo. Daktari alinieleza tukiwa tumekaa juu ya marobota ya nyasi kavu, mvua ikipiga bati.

"Ardhi yako ndiyo haina, mama. Majani yanaota vizuri tu, lakini huwezi kutoa ulichonyimwa. Ni sawa na mtu anayeshiba mkate mtupu kila siku. Tumbo limejaa, mwili unadai."

Dawa yake ni unga wa madini, kijiko cha kupimia kwa kila farasi kila siku, na chumvi ya kawaida pembeni wajilambie wenyewe kwa kadiri ya hamu yao. Akanionya nisiongeze kipimo kwa mapenzi, maana kuna madini yakizidi ni sumu. Na ninunue mfuko ulioandikwa farasi, si mnyama mwingine.

"Nimesikia," nilisema, na kweli nilisikia. Mimi nikielezwa jambo mara moja linatosha.

Machi 20

Jiwe la chumvi nililoweka Jumapili limeyeyuka. Limebaki dimbwi, na vyura wamelihama.

Kaka amekuja na misumari mdomoni, bila kuitwa, akanipigia kibanda kidogo chenye paa la bati, cha kuwekea beseni. Kazi safi. Jioni amewaambia watu wa dukani kwamba amejenga hoteli ya farasi yenye vyumba. Kaka anatia chumvi kwenye maneno, mimi natia kwenye beseni.

Machi 27

Nina neno la kuandika kuhusu Wifi, mke wa Kaka, na sikutegemea kuliandika.

Wifi ni mshonaji. Cherehani yake iko kwenye baraza lao linalotazama malisho yangu, na kwa miaka yote hii nimekuwa nikimwona anaziba pua upepo ukivuma kutoka kwetu. Nilishamweka katika fungu la watu wasiojua mbele na nyuma ya farasi.

Leo nilikuwa najisifu kwa Kaka kwamba beseni la madini, ninamotia vipimo vyote tisa pamoja, linamalizika kila siku, kumaanisha wote wanakula. Wifi akasema, bila kuinua macho kwenye kitambaa:

"Wanaokula ni wawili, wifi yangu."

"Wawili vipi?"

"Yule jike jekundu na yule bonge. Jekundu likifika, wengine wanatawanyika. Likiondoka, bonge linamalizia. Yule mweupe hajatia mdomo hata mara moja. Anakwenda, anasimama mbali, anarudi zake."

Nikamwambia haiwezekani. Halafu nikaenda kukaa nyuma ya kisima. Malkia alikuja, akalaza masikio, akageuza makalio, na kundi zima likapotea. Alikula mpaka akatosheka. Shemeji akamalizia. Bi Harusi, mwenye mimba, anayehitaji kuliko wote, alisimama pembeni kama mtu aliyefika harusini bila kadi.

Nimerudi barazani kwa Wifi. Nikasema, "Umeona vizuri."

"Kazi yangu ni kukaa na kutazama," akasema. "Kukata umbo la mtu bila kumtazama, unadhani naweza?"

Ametaka kujua kichwa cha farasi kina upana gani.

Aprili 2

Wifi ameleta mifuko tisa ya turubai, ya kuvishwa mdomoni na kufungwa nyuma ya masikio, yenye matundu ya kupumulia. Kila mmoja umetariziwa jina. Wa Shemeji ameupanua pembeni, "kwa sababu ya mashavu." Sasa kila mtu anakula chake, pumba kidogo na kipimo chake cha madini, na Malkia analaza masikio bure.

Nimempa Wifi mkono. Akaupokea kisha akaunusa, tukacheka wote wawili.

Aprili 10

Uzio haujaguswa wiki nzima. Kwenye shina la manyoya ya Sufuria unatoka weusi mpya, mfupi, kama wino. Bi Harusi ameacha udongo. Nilimwonyesha Kaka, nikamwambia, "Unaona? Ukifanya kitu kwa mpango, kinajibu." Alisema anaona.

Nasema kweli, najisikia fundi.

Aprili 14

Binti yangu amepiga simu. Mtoto anakuja mapema kuliko walivyodhani, mumewe yuko safarini, na ananitaka mimi. Naondoka kesho na basi la kwanza.

Nimemkabidhi Kaka kila kitu. Nilimwonyesha kijiko, mifuko ya mdomoni, mfuko wa madini ghalani.

"Kila siku, asubuhi, kila farasi. Usiruke siku hata moja. Usibadilishe kitu."

"Sawa, Meneja."

"Usiseme sawa tu. Sema nilivyosema."

Akanitazama kidogo. Halafu akarudia yote neno kwa neno, kama mtoto wa shule. Nilikwenda kulala nimetulia.

Aprili 16

Hospitali. Bado. Hapa hakuna wa kupanda wala wa kupandwa, ni viti vya plastiki tu.

Aprili 18

Nimekuwa bibi! Msichana, mzima, ana sauti ya tarumbeta. Binti yangu amechoka lakini anacheka. Nikampigia Kaka, akapiga vigelegele kwenye simu, mwanamume mzima. Nikamuuliza farasi. Akasema, "Wanakula, usiwaze. Hawajakosa hata siku moja."

Aprili 20

Naandika haya siku ya pili yake, kwa kuwa jana mkono haukukubali.

Jana asubuhi nilikuwa nimembeba mjukuu dirishani simu ikalia. Wifi. Sauti yake ilikuwa imepanda kama ya mtu anayekimbia.

"Wifi, rudi. Farasi hawako sawa. Shemeji anatokwa jasho na hajafanya kazi. Anapepesuka. Malkia amelala, hataki kuinuka. Nimeshamwita Daktari."

"Wamekula nini?"

"Rudi tu, wifi yangu."

Binti yangu alinipokonya mtoto mikononi, akasema nenda Mama, mimi nina wauguzi. Nilikodi gari. Njia ilikuwa imekatwa na maji sehemu mbili, tukazunguka, na muda wote huo sikuwaza lolote isipokuwa swali lilelile. Majani yaleyale, maji yaleyale. Wamekula nini?

Nilifika alasiri. Daktari alikuwa amepiga magoti kwenye tope akimpitishia Shemeji mpira puani hadi tumboni, anammiminia maji meusi ya mkaa wa dawa. Wifi ameshika ndoo, gauni limelowa hadi mapajani. Farasi wengine wamefungiwa ndani, kila mmoja kwenye chumba chake, wasitikisike. Malkia alikuwa amesimama, kichwa chini, ubavu ukienda kama mvukuto wa mhunzi. Kaka amesimama mlangoni mwa ghala, mikono imemning'inia.

"Mfuko uko wapi?" nikamuuliza.

Alisogea pembeni nikaingia mwenyewe. Bati la ghala lilikuwa limeng'oka pembeni, mvua imeingia, na mfuko wangu wa madini ulikuwa umekuwa tope la kijivu sakafuni. Kando yake kulikuwa na mfuko mwingine. Wenye picha ya ng'ombe.

Nimeshawahi kukasirika maishani mwangu. Hii haikuwa hasira, ilikuwa baridi.

Daktari alinieleza huku akiendelea na kazi. Madini ya ng'ombe wa kunenepesha huchanganywa dawa. Ng'ombe inamsaidia anenepe. Farasi inamshika moyo. Si kwamba anaumwa tumbo. Ni msuli wa moyo wenyewe unaoharibika, na hakuna dawa ya kuurudisha. Unaondoa kilichobaki tumboni, unampumzisha, unangoja.

"Kwa kawaida hawaipendi, wanaikataa," Daktari akasema. "Sijui hawa waliikulaje."

"Niliweka molasi," Kaka akasema. Ndilo neno la kwanza kutoka kinywani mwake. "Walikuwa wanakataa. Nikaweka molasi."

Farasi kadhaa walinusa wakaacha hata hivyo. Bi Harusi, ambaye huchagua chakula kama mgonjwa, alikuwa amelamba kidogo tu. Malkia alikula wa kwake. Shemeji alimaliza wake, akapangusa mfuko mpaka turubai likang'aa, na nadhani alimwegemea Kaka akaomba na wa jirani, na Kaka akampa.

Nilikaa kwenye tope nikakiweka kichwa chake mapajani. Ni kichwa kizito. Alinusa mfuko wa koti langu, kwa mazoea. Hakukuwa na kitu ndani isipokuwa kitambaa cha mtoto. Jua lilikuwa bado halijazama alipotulia.

Nikainuka. Nikamwendea Kaka, nikamwambia mbele ya mkewe na mbele ya Daktari, "Nilikwambia maneno matatu. Uliyarudia kwa mdomo wako. Ondoka kwenye shamba langu."

Akaondoka.

Aprili 21

Trekta limechimba shimo nyuma ya kisima. Dereva hakutaka malipo. Mwanawe alijifunzia mgongoni mwa Shemeji. Kaka hakuja, na nisingemtaka.

Aprili 22

Malkia amekula majani kidogo. Bati la ghala nimelipigilia mwenyewe.

Aprili 23

Mvua.

Aprili 25

Daktari amekuja. Wanane wanasimama. Ila hataki mtu yeyote apande farasi yeyote hadi awasikilize mioyo baada ya wiki kadhaa. Moyo ulioumia unaweza kutulia malishoni, kisha ukasimama siku umebeba mtoto wa watu. Nimemwambia hilo halina mjadala.

Kaka namwona ng'ambo ya uzio na ng'ombe wake. Hatazami huku.

Aprili 28

Wifi amekuja na mfuko wa Shemeji mkononi, ameufua.

"Sijui niuweke wapi," akasema.

Nikautundika msumarini pamoja na mingine. Hakuondoka. Alikaa juu ya robota la nyasi, yeye aliyekuwa akiziba pua.

"Sikuja kumwombea msamaha. Mtu mzima ana mdomo wake. Nimekuja kukwambia nilichokiona, kwa kuwa uliwahi kusema naona vizuri."

"Sema."

"Asubuhi ile aliposhuka ghalani akakuta mfuko umelowa, alikaa kizingitini ameshika simu. Nikamwambia mpigie dada yako. Akasema, yuko na mtoto wa siku moja mkononi. Nikamwambia mpigie tu. Akaiwasha, akaizima. Akaniambia, 'Nikiruka siku atanitazama yale macho yake.' Ndipo akaenda kuchukua madini ya kwetu. Kwake madini ni madini."

Nikamwambia, "Kwa hiyo ni kosa la macho yangu?"

"Sikusema hivyo. Aliyelisha ni yeye." Akainuka, akajipangusa nyasi. "Lakini mimi nimeolewa naye na huwa nayaona macho hayo kutoka barazani. Ni makali, wifi."

Nimekasirika. Nimefagia mabanda ambayo yalikuwa yameshafagiliwa.

Mei 1

Bado nimekasirika, ila nimeanza kuwaza.

Mei 4

Nimekwenda kwa Kaka. Nilipita langoni kama mgeni, si kwa kuruka uzio tunavyofanya siku zote. Alikuwa anakamua. Nikachukua kigoda, nikakaa upande wa pili wa ng'ombe, tukawa tunazungumza bila kuonana nyuso. Nadhani ilisaidia.

"Kwa nini hukunipigia simu?"

Maziwa yaliendelea kulia kwenye ndoo.

"Ungeniambia nini? Ungesema, 'Kaka, hata hili limekushinda?'"

Hayo ndiyo maneno ambayo ningesema. Hata sauti yangu aliipata sawasawa.

"Ningesema hivyo," nikamjibu. "Halafu ningekwambia usiwape kitu. Siku mbili tatu bila madini hazimuui farasi."

Mikono yake ikasimama. "Hazimuui?"

"Hata wiki. Ni kitu cha polepole."

Alitoa kichwa nyuma ya ng'ombe akanitazama, na uso wake sitausahau. "Wewe uliniambia nisiruke hata siku moja."

"Nilikwambia."

"Mimi nikadhani wakikosa siku moja watakufa."

Nilikuwa nimempa amri bila sababu, na amri isiyo na sababu huwezi kujua ipinde wapi. Sikusema hivyo kwa maneno mazuri namna hii. Nilisema tu, "Kesho njoo asubuhi. Nitakueleza kila kitu, na kwa nini."

"Uliniambia niondoke kwenye shamba lako."

"Sasa nakwambia uje."

Akarudisha kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe. Nilimsikia akilia, ndoo ikilia naye. Nilikaa mpaka ng'ombe akaisha maziwa.

Mei 5

Amekuja. Nimemweleza shaba, zinki, chumvi, kipimo. Ameuliza maswali mengi kuliko mimi nilivyomuuliza Daktari, na mawili sikuyajua majibu yake. Tukampigia Daktari. Hakuna aliyekufa kwa kuuliza.

Mei 12

Bi Harusi amezaa alfajiri, bila msaada wa mtu. Mtoto jike, miguu mirefu kama ngazi, iliyonyooka. Kaka na Wifi walikuja wakaegemea mlango wa banda. Wifi alisahau kuziba pua.

Mei 24

Mvua zinapungua. Leo Daktari amewasikiliza mioyo. Kila farasi tumemkimbiza kwa kamba mduara, kisha Daktari akaweka kifaa chake kifuani, akafumba macho. Saba wako sawasawa.

Kwa Malkia alikaa muda mrefu. Akamsikiliza tena. Akavua kifaa masikioni.

"Huyu hatabeba mtu tena, mama. Asikimbizwe, asivute, asifundishe. Akiachwa atulie anaweza kuishi. Lakini kwa shule, basi."

Malkia ndiye farasi wangu bora. Ndiye wa wanafunzi wakubwa, wa kuruka vikwazo. Farasi asiyefanya kazi anakula sawa na anayefanya, na najua wenye shule wengine wangefanya nini. Hata Daktari alilitaja kwa sauti ya chini, kwa kuwa ni wajibu wake kulitaja.

Kaka alikuwa ameshika kamba ya Malkia. Akasema, "Nipe mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Kwangu kuna majani. Hatafanya kitu, atakaa tu."

Wifi akamgeukia mumewe, kisha mimi. Daktari akajishughulisha na mkoba wake.

"Nitafikiria," nikasema.

Mei 26

Nimefikiria. Kuna sauti inayosema, umpe farasi mtu aliyemharibu? Kuna nyingine inasema, nani mwingine chini ya jua hili ataogopa kumkosea kama yeye? Hii ya pili ndiyo yenye akili.

Mei 29

Nimekwenda kukagua bila kuficha kwamba nakagua. Madini ya ng'ombe ameyahamishia chumba cha nyuma ya nyumba, kufuli mlangoni, ufunguo anao Wifi. Kipande cha malisho kilicho karibu na baraza amekitenga kwa uzio wake. Kibanda cha chumvi amekijenga kikubwa kuliko changu. Nimemwambia kimezidi. Akasema, "Ni hoteli."

Juni 3

Jua. Fundi wa kwato amekuja kuwavisha viatu. Alipoinua mguu wa Sufuria alipitisha kidole kwenye ukwato mpya unaoshuka kutoka juu, mgumu, laini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ule wa zamani bado unamung'unyika kwa chini. Utamaliza karibu mwaka kukatwa wote. Sina haraka.

Malkia hakuvishwa. Nilimwongoza mwenyewe hadi kwenye lango la Kaka. Alipoingia, ng'ombe watatu walikuja uzioni kumtazama. Akalaza masikio, akawageuzia makalio, wakatawanyika.

"Anajua kuhamia," Wifi akasema kutoka kwenye cherehani.

Nilimkabidhi Kaka kamba, mfuko wa mdomoni na madini ya mwezi mmoja. Sikumwambia arudie maneno yangu.

Juni 10

Shule imefunguliwa. Wanafunzi wanne asubuhi, mmoja mwoga. Nimempandisha mgongoni mwa Bi Mdogo, farasi mwenye subira, japo si Shemeji. Hakuna atakayekuwa Shemeji.

Nilipokuwa namfunga mtoto kofia, Kaka akaita kutoka ng'ambo, mfuko wa Malkia mkononi, sauti ya kusikika na shamba zima:

"Dada! Kimoja?"

Anajua ni kijiko kimoja. Amekuwa akiuliza kila asubuhi tangu nimkabidhi.

"Kimoja, Kaka!" nikamjibu, nikamkabidhi mtoto hatamu.